Sahani Yenye Doa la Mawese

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimewasikia wamama. Wababa bado wanakohoa. Basi tena: Bwana asifiwe! Ehe, sasa hata malata ya paa yamesikia.

Mimi ni Marta, muke wa Yakobo, wa kule Kasuku, kwenye njia inayoshuka mutoni. Wengi munanijua kwa sababu ya mayai, maana hakuna mulango wa jikoni katika muji huu ambao sijaupigia hodi na kikapu changu kichwani. Wengine munanijua kwa jina lingine, lile la kuchekea. Musione haya, nitalitaja mwenyewe. Hapa juu ya meza nimeweka kitu, nimekifunika na kitambaa. Watoto, mikono nyuma! Nitakifunua saa yake ikifika.

Nimesimama kumushukuru Bwana kwa siku ile waliyotaka kunirudisha kwetu Pangi, na furushi langu limekwisha kufungwa, na kamio, lori la kunibeba, imekwisha kuwekwa mafuta. Leo niko hapa. Sikuenda. Ndugu zangu, sikuenda!

Nianze na masahani, maana bila masahani hakuna ushuhuda.

Bibi yangu muzaa mama alikuwa Mwislamu wa kweli kweli, Mungu amurehemu, na nyumba yake ilikuwa hapa Kindu, ya udongo munene, ya namna ya wale watu wa pwani waliokuja zamani wakifuata Lualaba. Barazani kwake masahani yalikuwa yamepachikwa ndani ya ukuta. Masahani makubwa ya kaure, ya Ufaransa, yaliyovuka bahari, halafu yakabebwa vichwani mwa watu mpaka huku. Alikuwa akisema nyumba isiyo na sahani ukutani ni kama uso usio na nyusi. Njo yeye aliyenifundisha kupiga kaure kwa ukucha nisikie inavyolia, na kuinyanyulia jua nione kivuli cha vidole vyangu upande wa pili. Nilikuwa mutoto, nilicheka tu. Sikujua kwamba ugonjwa ule utanishika mimi.

Halafu nikaolewa na Yakobo, na Yakobo akapata kazi ya boy wa meza kwa muzungu mumoja mufanyabiashara. Sikilizeni siku yake ya kwanza, maana hapo njo mambo yote yalipoanzia.

Siku ile Madamu, muke wa yule muzungu, alikuwa na wageni. Akapanga meza mwenyewe, mbele ya kila kiti akaweka sahani kubwa ya ukingo wa dhahabu, halafu akaenda kuvaa. Sasa, sahani ile kwa Wazungu haiwekwi chakula. Ni sahani ya chini. Juu yake wanaweka sahani nyingine, halafu nyingine, na ile ya chini inakaa tu, inapendeza, halafu inaondoka mezani bila kuonja kitu. Yakobo angejulia wapi? Yeye aliona viti vya wageni na mbele yake masahani matupu. Na kwetu, ndugu zangu, munajua. Kumuwekea mugeni sahani tupu ni kumuambia, rudi ulikotoka. Hata kama nyumba yako iko na ndizi moja tu ya kuchemsha, unaiweka kwanza, halafu sahani njo inafika mukekani. Yakobo akamuonea Madamu huruma. Akasema, masikini, bado kijana, mama yake hakumufundisha, aibu itamupata leo. Akakimbia nyuma, akachukua sufuria ya sombe ya wafanyakazi, majani ya muhogo yaliyopikwa na mawese mekundu yenyewe, akajaza masahani yote. Akajaza vizuri, mulima mulima!

Wageni wakaingia. Madamu akapiga kelele mpaka kuku wakaruka. Bwana yake alicheka mpaka akavua miwani. Hawakumufukuza, Bwana asifiwe kwa hilo pia. Masahani yakaoshwa, yakatoka meupe, lakini moja ilikuwa ya zamani sana, ya bibi yake Madamu, na ilikuwa na nyufa ndogo ndogo nyembamba kama unywele. Mawese yakaingia humo, yakakataa kutoka. Madamu akasema iondoe mbele ya macho yangu. Yakobo akaileta kwangu ndani ya shati yake, amenuna, na mimi nikaipiga kwa ukucha. Ikalia! Nikamuona bibi yangu amesimama mbele yangu.

Tangu siku hiyo nikashikwa. Muzungu akimaliza muda wake wa kazi, masanduku yakaanza kugongomewa misumari, mimi niko pale kwenye mulango wa jikoni na mayai yangu. Walikuwa wanaacha yale ya zamani, yale ya mabibi zao, yaliyomeguka ukingoni au yaliyobaki peke yake bila wenzake. Mimi nilitaka hayo hayo. Sikutaka mapya, sikutaka madogo, sikutaka bakuli. Nilikuwa naigeuza kwanza niangalie muhuri wa mugongoni, kama munavyogeuza kuku sokoni kumuangalia chini ya mabawa. Moja ya bluu yenye utepe wa dhahabu. Moja ya kijani ya maua ya waridi. Moja yenye mwindaji na mbwa wake, na mbwa amefutika kichwa. Yakobo akayafunga ukutani kwa kamba za kekele za porini. Watu walikuwa wanapita njiani wanasimama kuchungulia.

Lakini ndugu zangu, nisiwafiche kilichokuwa nyuma ya masahani. Sikuwa na mutoto. Mwezi unakuja na tumaini, mwezi unaondoka nalo. Mwanamuke mwenzangu anajua ninachosema. Na kila tumaini lilipoanguka, mimi nilikuwa natundika sahani. Ukuta ukajaa.

Kwetu mwanamuke anaitwa kwa jina la mutoto wake. Kuna Mama Petelo, kuna Mama Zuena. Mimi nikaitwa Mama Masahani. Haya, nimelitaja. Kisimani: Mama Masahani, leo wanao wameamuka vizuri? Sokoni: Mama Masahani, wadogo wamekula? Nilikuwa ninacheka nao. Nikifika nyumbani ninafunga mulango, ninalia mpaka pua inavimba.

Na hakuna aliyekula juu ya masahani yale. Niliogopa yasivunjike. Wageni walikula kwenye bati. Wifi yangu Sifa, dada mukubwa wa Yakobo, aliona vibaya sana. Sifa ni mwanamuke wa sauti, nanyi munamusikia akiimba, amekaa pale dirishani, anainamisha kichwa. Usiiname, wifi, tumekwisha kupatana! Alikuwa akisema, "Ajabu ya nyumba hii! Sisi wa damu tunakula ndani ya bati, ukuta njo unakula ndani ya kaure."

Miaka ikapita. Familia ikachoka kungoja. Wifi akavuka muto kwenda kwa mufumu, muganga wa kupiga ramli, na mufumu akamuambia masahani yale ni ya Wazungu waliokufa, kwamba macho yao iko ukutani, yanamuangalia huyu mwanamuke usiku na muchana, na njo yaliyofunga tumbo lake. Ndugu zangu, neno lile liliingia ndani yangu kama maji ndani ya chungu kibichi. Nilikuwa ninakuja hapa kila Jumapili, ninaimba, ninasema amina. Halafu ninarudi nyumbani, ninapita mbele ya ukuta wangu nimeinamisha macho. Nilianza kuyaogopa. Masahani yangu niliyoyapenda! Nikayageuza mengine, yakaangalia udongo.

Wazee wa familia wakakaa. Wakasema, avunje yote mbele yetu, ama arudi kwao, na Yakobo apewe muke mwingine. Yakobo alinyamaza. Ningependa kuwaambia alisimama akanitetea, lakini tuko mbele ya Mungu, alinyamaza. Wale ni wababa zake. Na tangu siku ile hakula tena chakula changu. Vijana musiojua, hii njo desturi yetu: mwanaume aliyekubali kumurudisha muke wake hali tena kitu cha mukono wake. Akila, amekata maneno ya wazee, muke anabaki. Basi Yakobo alikuwa anakula kwa dada yake. Mimi ninapika, ninapakua, ninafunika, na asubuhi ninawapa kuku. Hakuna neno baya waliloniambia lililoniuma kama chakula kile baridi.

Siku ya kamio ikafika. Ilikuwa inaondoka baada ya jua kupungua, inapita Kalima, halafu Pangi. Wifi akaja asubuhi na vijana wake, wakabeba furushi langu mpaka kwake, karibu na barabara. Ndani yake kulikuwa nguo zangu, sufuria, na masahani yote ya bati. Nyumbani kukabaki mukeka, kinu, chungu cha wali na chungu cha sombe nilivyopika kwa safari, na ukuta.

Jua lilikuwa juu ya kichwa. Nikachukua muchi wa kinu. Nikasema, nitavunja. Nikivunja, pengine wataniacha nibaki. Nikasimama mbele ya sahani ya kwanza, ile ya doa la mawese, muchi juu. Nikajiuliza, na kama nikivunja yote na mutoto asije, kesho watasema nivunje nini? Miguu yangu? Nikapiga magoti pale pale. Nikaomba, nikasema, "Bwana, mimi sina akili tena. Kama haya njo yamenifunga, nyoosha mukono wangu nivunje. Kama sio haya, niambie neno moja tu. Moja tu, Baba."

Nikanyamaza kusikiliza. Ndugu zangu, nikasikia, "Hodi!"

Haleluya! Mulangoni amesimama mwanamuke nisiyemujua, vumbi mpaka kwenye nyusi, mutoto mugongoni na wawili kando. Jina lake Apolina. Alitoka Kalima kwa miguu. Bwana yake aliangukiwa na udongo kwenye machimbo ya bati, wakamuleta hospitali ya hapa Kindu na gari, na gari halikuwa na nafasi ya muke na watoto. Hakujua muntu hata mumoja mujini. Akasema, "Mama, tusaidie maji, halafu utuonyeshe njia ya hospitali."

Nikawapa maji. Wakanywa. Na macho ya watoto yakaenda kwenye vyungu, yakakaa huko.

Sasa nifanye nini? Mugeni amekaa juu ya mukeka wangu. Chakula kiko. Bati zote ziko kwa wifi. Nikaangalia huku, nikaangalia kule, hakuna hata jani la mugomba. Iko ukuta tu. Nikasema moyoni, Marta, utawaambia watoto hawa wale juu ya nini, juu ya mikono yako? Nikaweka muchi chini. Nikafungua kamba, nikaishusha ile ya kwanza, ile ya doa.

Hofu ilinishika, ndugu zangu, nisidanganye. Kama mufumu alisema kweli? Kama watoto wa watu wakiumwa kwa sababu yangu? Nikapakua wali wote, nikamwaga sombe juu, na kabla ya mutoto hajagusa nikatia tonge la kwanza kinywani mwangu mwenyewe. Nikasema, Jina la Yesu, nikameza. Nikangoja. Hakuna kitu! Iko utamu wa mawese tu, na chumvi kidogo imezidi. Nikacheka peke yangu, na Apolina akaniangalia kama muntu aliyeingia nyumba ya wazimu. "Kuleni," nikamuambia. "Kuleni, wanangu!"

Wakaingiza mikono. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukiona miaka yote niliyoipangusa vumbi. Sahani ile ilitutosha sisi wote kuizunguka, wakubwa na wadogo, hakuna aliyemugonga mwenzake kiwiko, na ukingo ulikuwa unashika muchuzi usimwagike. Iliwekwa ukutani miaka yote, kumbe ilikuwa sahani yetu ya kulia, ya watu wanaokula pamoja! Yule binti mukubwa, Feza, alifuta sombe kwa kidole, dhahabu ikatokea, akaita, "Mama, jua iko ndani ya sahani!"

Hapo kivuli kikaingia mulangoni. Yakobo. Alikuja kuniambia kamio iko tayari. Akasimama. Akaangalia wageni, akaangalia muchi chini, akaangalia ile sahani na mulima wa sombe juu yake. Uso wake ukaanza kukunjamana, nikafikiri anakasirika.

Akasema, "Marta, nani ametia tena sombe ndani ya hii sahani?"

Akacheka! Yakobo wangu, aliyekuwa hajacheka tangu mavuno, alicheka akashika mulango. Mimi nikacheka, nikalia, yote pamoja. Akaenda kwenye mutungi, akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akaja akakaa kati yangu na Feza. Akakata tonge. Akala.

Ndugu zangu, wale wageni hawakujua kilichotokea. Wao waliona muntu mwenye njaa. Mimi nilijua. Niliogopa hata kupumua asije akakumbuka na kutema. Hakutema. Akakata la pili.

Na wifi akafika mbio, amechoka kungoja, anaita tangu njiani. Akaingia, akaona. "Yakobo! Unakula?"

"Niko nakula, dada."

"Chakula cha nani?"

"Cha muke wangu."

Sifa akapiga makofi, akaangalia juu, akaangalia chini. "Haya! Na wazee nitawaambia nini?"

Yakobo akalamba kidole. "Waambie nimekula."

Haleluya! Kamio ikaenda Pangi bila mimi. Niliisikia ikipanda kilima. Jioni vijana wakarudisha furushi langu.

Wazee walinung'unika, lakini desturi ni yao wenyewe, wangeipinga vipi? Apolina na watoto walikaa kwetu mpaka bwana yake akasimama, akatoka hospitali anachechemea lakini anatembea, wakarudi Kalima. Feza aliachwa kwetu asome shule hapa Kindu. Ni yule pale, amevaa kitambaa chekundu. Simama, mwanangu, wakuone. Kaa.

Sasa kuna mumoja anauliza moyoni, na tumbo je? Nitakujibu mbele ya wote. Sikuzaa. Mpaka leo hii sijazaa, na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Sikuja hapa kusema uongo ili munipigie makofi. Niliomba mutoto, Bwana akanipa jibu lake analolijua yeye. Lakini kile kilichonifunga kweli kweli alikifungua. Hofu ile iliondoka saa ile ile niliyomeza tonge la kwanza, haikurudi tena. Siogopi ukuta, siogopi mufumu, siogopi kisima. Ninalala usingizi wangu. Wakiniita Mama Masahani ninaitika kwa sauti, maana sasa hivi wanaoniita hivyo ni watoto wa wagonjwa wanaotoka mbali, wanafika mulangoni kwangu, na masahani yote yanashuka ukutani. Ya bluu, na yule mbwa asiye na kichwa. Wanakula humo wali, wanakula bukari ya unga wa muhogo, wanakula samaki wa Lualaba. Ile ya kijani ya maua ya waridi ilivunjika mwaka huu. Unajua nani aliivunja? Wifi Sifa, akiosha! Alitoka nje na vipande mikononi, uso umebadilika. Nikamuambia, wifi, leta mukono nione kama umejikata. Nikachunguza moyo wangu, nikaukuta uko muzima.

Na bado ninakusanya, ndio. Muzungu akigongomea masanduku, muniangalie tu mulangoni na mayai yangu. Bwana aliniokoa na hofu, hakuniambia niache kupenda kitu kizuri.

Sasa nifunue. Iangalieni. Dhahabu imeisha upande huu kwa vidole vya watu, na doa njo hili, jekundu, halijatoka. Madamu aliitupa kwa sababu ya doa. Asingeitupa, mimi leo ningekuwa Pangi.

Asante, Bwana! Asante kwa Yakobo na makosa yake, asante kwa sombe ile ya wafanyakazi, asante kwa ule hodi wa muchana.

Ndugu yangu uliyekuja leo na kitu umekifunga moyoni, wewe uliyekaa karibu na mulango ili uondoke haraka, nasema na wewe. Pengine wamekwambia umefungwa, umelaaniwa, furushi lako limekwisha kubebwa. Muamini Bwana. Mueleze wazi, kama nilivyomueleza, hata kama umeshika muchi. Sijui atakujibu namna gani. Najua tu kwamba ukikaa juu ya mukeka wake, Baba yetu hatakuwekea sahani tupu.

Baada ya baraka musikimbie. Sufuria iko nyuma ya kanisa, wifi amepika tangu alfajiri, na sahani hii inashuka chini sasa hivi. Feza, mwanangu, leta maji. Watu wanawe mikono.